Msitu wa Mjini ni wa Nani? Sayansi ya Jamii na Uhifadhi Shirikishi

Mwaka 2025 Shirika la Huduma za Misitu nchini Kenya (KFS) liliagiza kwamba ada zote za kuingia msitu wa Karura, jijini Nairobi, zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen. Friends of Karura Forest, chama cha jamii ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kilikuwa kikiusimamia msitu huo bega kwa bega na shirika hilo, kilipinga agizo, na mzozo ukafika mahakamani. Mjadala uliozuka ulikuwa mkali, lakini ulichanganya maswali matatu ambayo hayana budi kutenganishwa: ardhi ni ya nani, usimamizi ni wa nani, na fedha ni za nani.

Swali la kwanza lina jibu la moja kwa moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaiweka misitu ya serikali katika kundi la ardhi ya umma. Karura si mali ya chama chochote, wala si mali ya shirika linaloilinda. La pili linajibiwa na sheria ya misitu, inayowaruhusu wananchi kuunda chama cha jamii cha misitu (CFA) na kutia saini mkataba wa usimamizi na KFS. La tatu ndilo gumu. Msitu ukiwa wa umma, usimamizi ukiwa wa pamoja, na senti zikikusanywa mlangoni, ni nani mwenye haki ya kuamua zitumikeje? Swali hili halijibiwi kwa kuhesabu miti. Ni swali la mamlaka, imani na uwajibikaji, na hapo ndipo sayansi ya jamii inapopata kazi yake.

Kazi yenyewe ni ipi

Mtaalamu wa viumbe akiingia msituni huorodhesha ndege, hupima shina la mti, huchunguza maji ya mto. Mtaalamu wa sosholojia, anthropolojia, uchumi au jiografia ya jamii huuliza mambo mengine: nani anakuja hapa na nani haji, nani aliwahi kutafuta riziki hapa na sasa hawezi, kanuni zilitungwa na kikao gani, nani alikaa kimya katika kikao hicho na kwa nini. Zana zake ni dodoso, mahojiano marefu, majadiliano ya vikundi, ramani zinazochorwa na wakazi wenyewe, usomaji wa kumbukumbu za serikali, na zaidi ya yote kukaa na watu kwa muda wa kutosha hadi waseme yale wasiyomwambia mgeni wa siku moja.

Mjini kazi hii ina uzito wa pekee. Msitu wa mbali unaweza kudumu kwa sababu tu ni wa mbali. Msitu wa mjini umezungukwa na bei ya ardhi inayopanda kila mwaka, na kila ekari yake ina mtu anayeipigia hesabu ya maghorofa. Hausalimiki kwa sababu ya udongo wake wala mbegu zake. Unasalimika pale ambapo kuna watu wa kutosha, wenye sauti ya kutosha, wanaoona kwamba ukipotea wamepotewa na kitu chao.

Karura kabla ya uzio

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na leo ina zaidi ya hekta 1,000 zilizopakana na Muthaiga, Runda na Gigiri, mitaa ya mabalozi na matajiri. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, karibu kabisa na miti hiyo. Ukingoni mwa msitu huohuo kuna kijiji cha Huruma, makazi ya watu wa kipato cha chini.

Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa kwa siri kwa wajenzi binafsi. Mwanamazingira Wangari Maathai na shirika lake la Green Belt Movement, waliokuwa wamekwisha kuiokoa bustani ya Uhuru Park, jijini Nairobi, kutokana na mradi wa jengo la ghorofa 60 uliozua upinzani mwaka 1989, waliingia Karura mwaka 1998 wakiwa na miche mikononi. Januari 1999 walivamiwa na walinzi wa kukodiwa, na Maathai akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana. Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Kwa mtafiti, historia hii ina somo linalopitwa kirahisi. Waliouokoa msitu hawakuwa jirani zake peke yao. Walikuwa wanawake wa vitalu vya miche kutoka mashambani, wanafunzi, viongozi wa dini, wabunge wa upinzani na waandishi wa habari. Jamii iliyoikomboa Karura ilikuwa ya kisiasa kabla ya kuwa ya kijiografia.

Hata hivyo kuokoa ardhi si sawa na kuufungua msitu. Kwa miaka kumi iliyofuata Karura ilibaki mahali pa kuogopwa, pakijulikana kwa wizi wa mabavu na maiti zilizotupwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyounda KFS na kuvipa vyama vya jamii nafasi ya kisheria, ndiyo iliyofungua njia. Friends of Karura Forest kiliundwa, fedha za wafadhili zikapatikana, uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa skauti wa msitu. Kuanzia mwaka 2011 familia, wakimbiaji na waendesha baiskeli walianza kumiminika. Mwanamke aliweza kutembea peke yake mahali ambapo awali hata kundi la wanaume lilisita kupita. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 ilichukua nafasi ya ile ya 2005, lakini wazo la vyama vya jamii lilibaki.

Mitazamo inayoshindana

Mtazamo mkongwe zaidi unasema mali isiyo na mwenyewe huliwa na kila mtu hadi iishe. Mwanaikolojia Garrett Hardin aliuandika kwa nguvu mwaka 1968 kwa mfano wa malisho ya pamoja: kila mfugaji anafaidika kwa kuongeza ng'ombe mmoja, hasara inagawanywa kwa wote, mwisho wake ni vumbi. Dawa aliyoiona ni mkono wa dola au hati ya mtu binafsi. Nguvu ya mtazamo huu mjini iko wazi, kwani bila dola hakuna anayeweza kumfukuza mnyakuzi mwenye hati ya kughushi na bunduki za kukodi. Udhaifu wake uko wazi vilevile. Katika Karura mnyakuzi alipewa kibali na dola hiyohiyo. Tena ulinzi wa kumtimua mwananchi una historia chungu Afrika Mashariki. Dan Brockington alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu Mkomazi, Tanzania, ambako wafugaji waliondolewa mwaka 1988, jinsi hifadhi inavyoweza kujengwa kama ngome huku gharama ikibebwa na maskini waliokuwamo.

Mwanasayansi wa siasa Elinor Ostrom alimjibu Hardin kwa ushahidi badala ya nadharia tupu. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alikusanya mifano ya watu waliotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kuigawa na bila kuikabidhi serikali. Huko Törbel, kijiji cha milima ya Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mtu kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko alioweza kuwalisha majira ya baridi. Ostrom aliona kwamba mipango inayodumu ina mipaka inayojulikana, kanuni zinazotungwa na watumiaji, ukaguzi, adhabu zinazopanda hatua kwa hatua, njia rahisi ya kusuluhisha ugomvi, na serikali inayoitambua haki ya watu kujipangia. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Sheria za vyama vya misitu vya Kenya zinashabihiana mno na mawazo haya. Lakini Törbel ni kijiji cha watu wanaojuana kwa majina ya babu zao. Nairobi ni jiji la wahamiaji na wapangaji, mahali ambapo mtu anaweza kuhama mtaa mara tatu kwa miaka mitano. Anayetarajia kanuni za kijiji zifanye kazi mjini bila kurekebishwa anaomba lisilowezekana.

Mtazamo wa tatu ni wa soko: asili ijilipie. Kiingilio, maegesho, baiskeli za kukodi na mgahawa vinaleta fedha, na fedha zinalipa skauti. Karura ni mfano mzuri wa mafanikio yake, na pia wa mipaka yake. Mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa, haina geti. Hakuna anayelipa ili akimbie asubuhi katikati ya matope na maji taka, ingawa mizizi ile ndiyo inayolea samaki na kuzuia ufuko kuliwa na mawimbi. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni na kuingiza fedha katika maji na shule za kijiji, lakini Gazi ni kijiji chenye mshikamano na eneo linaloeleweka. Mjini, ambapo mkataji wa boriti anatoka mtaa mmoja na maji machafu yanatoka mitaa kumi, ni vigumu hata kujua mkataba utiwe saini na nani.

Jamii ni nani?

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Neno "jamii" katika nyaraka za miradi limebeba mzigo mkubwa kuliko maana yake. Arun Agrawal na Clark Gibson walionya mwaka 1999 kwamba wahifadhi huichukulia jamii kana kwamba ni kitu kimoja kidogo, chenye watu wanaofanana na wanaokubaliana. Walipendekeza watu waangalie masilahi yanayopingana ndani yake na taasisi zinazoamua nani ashinde.

Karura inaonyesha onyo hilo kwa uwazi usio na kifani. Mkazi wa Runda anautaka msitu kwa ajili ya hewa, utulivu na thamani ya nyumba yake. Mama wa Huruma alizoea kuutegemea kwa kuni. Kijana wa Huruma anautaka kwa sababu ya ajira ya uskauti. Mkimbiaji kutoka mtaa wa mbali anaufikia kwa matatu, akiwa na nauli ya kwenda na kurudi mfukoni. Wote ni "jamii". Mchumi Mancur Olson alieleza mwaka 1965 kwa nini sauti zao hazitoshani: kundi dogo lenye masilahi makubwa na nafasi ya kukutana hujipanga haraka, kundi kubwa la watu wenye masilahi madogo madogo hubaki limetawanyika. Mwenye gari, kompyuta na jioni isiyo na kibarua ndiye anayeweza kuhudhuria kila kikao cha kamati. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu kwa hila yoyote, kwani mpangilio wa maisha wenyewe unamweka mbele.

Tanzania ina sura nyingine ya tatizo hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kumiliki na kusimamia msitu wake, chini ya halmashauri ya kijiji inayowajibika kwa mkutano mkuu. Ni mojawapo ya mipango iliyokwenda mbali zaidi barani Afrika. Lakini mpango huo umesimama juu ya kijiji. Mji unapotanuka na kukimeza kijiji, kinageuka mtaa, na mtaa hauna mamlaka yale juu ya ardhi. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo ukingoni mwa Dar es Salaam na iliyoumizwa kwa miaka mingi na uchomaji wa mkaa kwa ajili ya majiko ya jiji hilohilo, ni ya serikali kuu. Watu walioizunguka wanaongezeka kila mwaka, ilhali chombo cha kisheria cha kuwafanya wawe wasimamizi kinazidi kuwa chembamba. Kasoro hii haijajadiliwa kiasi kinachostahili.

Cape Town ilijaribu njia tofauti. Mradi wa Cape Flats Nature, ulioanza mwaka 2002, ulianzia katika mitaa iliyoundwa na ubaguzi wa rangi, mahali ambapo vipande adimu vya fynbos, vichaka vya asili vya eneo hilo, vilibaki katikati ya nyumba duni. Waratibu wake walianza na mahitaji ya wakazi, yaani usalama, shule na ajira, kisha wakauweka uhifadhi humo ndani. Njia hiyo huenda polepole na hutegemea watu wachache wenye kipawa cha kuongea na kila upande, na wakiondoka kazi inaweza kulegea. Lakini iligeuza mpangilio wa maswali: ilianza na watu ambao uhifadhi wa zamani uliwaona kama tishio.

Gharama ya uzio na kiingilio

Uzio wa Karura umesifiwa na kulaumiwa, na pande zote mbili zina ushahidi. Bila uzio, usalama ulioufungua msitu kwa wanawake na watoto usingalipatikana kwa haraka ile. Uzio pia ni mpaka unaojulikana, sharti la kwanza la Ostrom. Lakini ni uzio huohuo uliobadilisha njia ya mkato ya mtu wa Huruma na kumfanya mwenye kuokota kuni awe mwombaji wa ruhusa.

Kiingilio nacho kwa muda mrefu kilikuwa takribani shilingi 100 kwa mwananchi mtu mzima. Kwa mtu wa Gigiri kiasi hicho hakifiki bei ya kikombe cha kahawa. Kwa familia ya watu sita inayoishi kwa vibarua, jumla yake pamoja na nauli ni chakula cha siku. Mtafiti anayetaka kusema kama bei ni nafuu hana budi kuuliza nafuu kwa nani.

Kuna jambo la ndani zaidi kuhusu fedha. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti kuhusu vituo vya kulelea watoto huko Haifa. Wazazi waliochelewa kuchukua watoto walipoanza kutozwa faini, uchelewaji uliongezeka, kwa kuwa faini iligeuka bei na aibu ikaondoka. Faini ilipofutwa, mazoea mapya yalibaki. Wasimamizi wa misitu ya jamii wana sababu ya kuliangalia hili. Anayelipa mlangoni anaweza kuanza kujiona mteja, na mteja hana wajibu wa kuokota taka wala kujitokeza siku wanyakuzi wakirudi. Hoja hiyo haitoshi kufuta kiingilio, lakini inatosha kudai kwamba siku za kupanda miti na mikutano ya wazi zisiachwe zife kwa sababu tu fedha za mlangoni zinatosha.

Udhaifu wa utafiti wenyewe

Wanasayansi wa jamii hawana haki ya kuwakosoa wengine bila kujikagua. Kosa la kawaida zaidi ni dodoso la getini. Wageni mia kadhaa wanaulizwa kama wanaridhika, na bila shaka wanaridhika, kwa kuwa wasioridhika hawakuja. Matokeo yanaandikwa kama maoni ya "wananchi". Aliyeshindwa na nauli, anayeogopa askari, asiyejua kwamba mahali pale panaruhusiwa, wote wanatoweka katika takwimu, na kutoweka kwao kunahesabiwa kama kukubali.

Kosa jingine ni kuitwa mwishoni. Mpango umekwisha chorwa, wafadhili wamekwisha toa ahadi, ndipo mtaalamu anaombwa kufanya kikao cha "kushirikisha wadau". Sherry Arnstein alichora mwaka 1969 ngazi yenye vidato vinane vya ushiriki, kuanzia hila na kile alichokiita tiba hadi mwananchi kushika hatamu. Katikati ya ngazi hiyo aliweka kupashwa habari na kuulizwa maoni, na akaviita ushiriki wa kivuli, kwa sababu anayeuliza hana wajibu wa kutii jibu. Vikao vingi vya wadau vya Afrika Mashariki vinakaa kwenye vidato hivyo, pamoja na soda na bahasha ya nauli.

Tena watafiti huondoka na majibu. Wakazi waliohojiwa mara tano na wanafunzi watano hawajaona hata ukurasa mmoja wa kilichoandikwa juu yao, na mara nyingi umeandikwa kwa lugha wasiyoitumia nyumbani. Uchovu unaotokana na hali hiyo ni halali.

Kupima uzito

Mitazamo mitatu ikiwekwa kwenye mizani moja, hakuna unaojitosheleza, wala haina uzito sawa. Dola haina mbadala katika kulinda hati ya ardhi, na katika jiji lenye njaa ya viwanja hilo ndilo la kwanza. Fedha za wageni zina thamani pale penye wageni, nazo hazipaswi kuwa kipimo cha msitu upi ustahili kuishi, la sivyo mikoko na vinamasi vya maskini vitakuwa vya mwisho daima. Usimamizi wa jamii ndio unaoweza kuikagua dola na kuielekeza fedha, lakini kwa sharti moja linalosahaulika: chama nacho kikaguliwe.

Kwa kipimo hicho, mzozo wa Karura unaonekana kwa sura iliyo wazi zaidi. Hoja ya kwamba ada ya msitu wa umma ipite mahali ambapo umma unaweza kuiona ni hoja nzito. Hoja ya kwamba fedha zikienda kwenye mfuko mkuu zinaweza kuchelewa au kutorudi, huku mishahara ya skauti ikisubiri, ni nzito pia, na kila anayejua mwendo wa bajeti za serikali ataielewa. Mfumo wa malipo wa kidijitali unaweza kukaa pamoja na mkataba unaoeleza kwa maandishi sehemu ipi ya mapato inabaki msituni, ndani ya siku ngapi, na nani anakagua hesabu za pande zote mbili. Hesabu hizo zibandikwe getini kwa Kiswahili, zisomwe hata na asiyeingia.

Yanayobaki ni ya utafiti. Kwanza ni kuhesabu wasiokuja, kwa kuwafuata Huruma na mitaa ya mbali, nyumba kwa nyumba, siku ya mapumziko. Pili ni kuangalia orodha ya wanaochaguliwa katika kamati za vyama vya misitu, wanatoka mtaa gani na wanakaa madarakani muda gani. Tatu ni kufuatilia vijana waliopata uskauti, kama ajira hiyo iliwapandisha au iliwabakiza palepale. Kazi hizi hazihitaji mitambo ya gharama. Zinahitaji muda, daftari, na mtafiti ambaye atarudi mwaka unaofuata kuwasomea watu wa Huruma alichokiandika na kuwaachia nafasi ya kukisahihisha.